Mama, Umefanywa Mpangwa

Makambako

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Baridi ya Makete imekuachia magoti mwaka huu, au bado huachani na jiko? Mimi mzima, ila ule mguu uliokatwa unaniwasha kana kwamba bado upo.

Mlinileta kituo hiki cha walemavu nifundishwe kazi ya kufanya nimekaa. Nikamweleza afisa, mama mmoja mwenye mihuri mitatu mezani, kwamba kabla gogo halijaniangukia nilikuwa natengeneza misumeno ya mashine, kwa hiyo naomba karakana. Hakuinua kichwa. Aliuliza kabila tu. Nikasema Mkinga.

"Mkinga hafundishwi, anazaliwa na duka," akasema, akanikabidhi sinia la karanga nikauze stendi, nikijikongoja na magongo yangu haya. Mimi, mama, ambaye hata ukinituma chumvi nilikuwa narudi na sukari.

Msomi huyo ana dawa moja kwa kila kabila. Mbena ni mkulima, basi jirani yangu wa kitanda, Mbena aliyebaki na mkono mmoja na anayetamani duka, kapewa jembe. Karakana ni ya Wapangwa, eti babu zao walifua chuma. Mpangwa tuliye naye alikuwa mwalimu kule Mlangali, mtu mwema, lakini spana anaishika kama chaki. Sijawahi kuona ujinga uliogongwa mihuri mingi hivyo.

Wiki iliyopita mashine ya kusaga ikafa, tukashindia viazi siku nne. Yule mwalimu Mpangwa akaniita kimyakimya, nikaketi chini nikaifungua, jioni ikasaga. Afisa akaja kutazama, nikadhani ataona haya. Akatabasamu.

"Kumbe mama yako ni Mpangwa," akasema, akaandika hivyo kwenye fomu yangu. Karakana kuanzia Jumatatu, nitie sahihi tu.

Miezi mitano nimeililia nafasi hiyo. Nikachukua kalamu, nikalikata lile neno Mpangwa, nikaandika Mkinga, ndipo nikasaini. Akaichana mbele yangu. Wapangwa ni ndugu zetu, sina neno nao, ila mama yangu habadilishwi kabila ili mpumbavu asionekane amekosea. Kuikosa karakana kunaniuma, sikufichi.

Nisalimie mke wangu, na shangazi anayekusaidia shamba la ulezi. Mjomba wa mbao mwambie misumeno yake asimpe fundi mwingine.

Leo asubuhi mashine imekufa tena. Afisa kaja mwenyewe hadi kitandani kwangu. Nimemjibu kwamba mimi nauza karanga.

Mwanao wa tumbo la Kikinga,
Enoki