Nyama ya Siki

Mama yangu, shikamoo kutoka Dubai, ambako nguo hukauka kabla hujazianika.

Madam wangu Mjerumani ana akili nyingi: nyama safi ya ng'ombe kailoweka kwenye siki siku kadhaa, mpaka jiko zima likanuka. Nikamwonea huruma. Nikaiosha kwa ndimu kama ulivyonifunza, nikaipika taratibu kwa tui na tangawizi. Kabichi na tambi nikaziacha bila ladha, wageni wake Wajerumani wasijione ugenini.

Madam alipoonja, akanikazia macho. Nikajua kazi ndiyo khalas. Lakini wageni walikuwa wanalamba sahani, wakamuuliza kajifunza wapi.

"Kwa bibi yangu," akajibu.

Basi hongera, mama, umepata mjukuu wa Kizungu. Utuombee dua sote wawili.

Mwanao, Mwanaidi