Taa Mpya Katikati ya Chupa za Matango

Mpendwa Bi Květa, msaada ninaouomba ni wa aibu, na ukiisoma barua hii redioni nakusihi ubadilishe majina, maana mimi ni mtu wa Přerov na katika jengo letu mtu akipiga chafya ghorofa ya kwanza wa ghorofa ya nane anamwambia afya.

Nina miaka sitini na tisa, mgane wa miaka minne, fundi umeme mstaafu wa karakana ya reli, na miaka yangu arobaini na moja ya kazi siitaji kwa kujisifu bali kwa sababu ndiyo iliyonidanganya. Mwaka jana mwezi wa tano binti yangu wa pekee, Vendula, alipata kazi ya uuguzi Linz, ng’ambo ya mpaka, na nyumba aliyopanga huko hairuhusu wanyama, basi akaniachia kinyonga wake, Bonifác, dume lenye kilemba kichwani kama askofu, aliyemlea tangu akitosha kukaa juu ya kidole, na ndiye aliyekaa naye chumbani miezi ile mama yake alipokuwa anakufa na mimi nilikuwa siwezi kusema na mtu. Akaniandikia karatasi nzima nikaibandika kwenye friji, nyenje wapakwe unga wa kalsiamu, majani yanyunyiziwe maji asubuhi na jioni, na chini kabisa kwa herufi kubwa: TYUBU YA UVB IBADILISHWE KILA MWAKA HATA KAMA INAWAKA. Kisha akachukua maka peni akaandika tarehe kwenye ncha nyeupe ya tyubu yenyewe, ile taa ndefu ya kizimbani. Akiwa mlangoni na mabegi yake akanitazama akasema, “Baba, huyu si sungura.”

Hapo inabidi nieleze. Alipokuwa na miaka saba tulifuga sungura kule kwenye kijumba chetu cha bustanini kama kila mtu, na mmoja akampa jina, na mimi nikamchinja pamoja na wengine, tukamla Jumapili kwa mchuzi wa malai, nikamwambia katoroka, na mtoto akala akaomba aongezewe. Mama yake alikuja kumwambia ukweli akiwa na miaka kumi na minne. Hakupiga kelele. Ila tangu siku ile nikimwambia jambo lolote hunitazama kwanza, ndipo hujibu.

Sasa mwaka huu mwezi wa tano ikaja tyubu mpya kwa posta, kaituma yeye, nami nikaitazama ile ya zamani, inawaka vizuri, haipepesi, weupe ni ule ule, na Bi Květa, kule karakana mtu aliyeng’oa tyubu inayowaka tulimwita mharibifu, tyubu huondolewa ikianza kukonyeza au ikiwa nyeusi ncha, na mimi ni mtu wa kutotupa, nina misumari niliyoinyoosha kwa nyundo na kopo la skrubu za marehemu baba. Nikasema hii mpya ni akiba. Nikaishusha stoo ya chini ya jengo, nikailaza rafuni kati ya chupa za matango ya siki, zile za mwisho alizozitengeneza mke wangu ambazo sijaweza kuzifungua. Lakini Vendula hunipigia kwa video kila Jumapili na lazima aoneshwe kizimba, basi nikalowesha kitambaa kwa pombe ya plamu, nikafuta tarehe ya mwaka jana, nikaandika ya mwaka huu, nikaiga hata ile tano yake yenye mkia. Akaiona akasema, “Asante, baba. Kumbe unaweza.” Nilifurahi. Nilifurahi kweli, kana kwamba niliibadilisha.

Mwezi wa nane Bonifác akawa anamlenga nyenje na ulimi haufiki, nikasema uvivu. Mwezi wa tisa akaacha kupanda matawi ya juu, nikasema uzee. Wiki hii Jumatatu akaanguka, na nilipomwinua nikaona mikono ya mbele imepinda mahali pasipo na kiungo, matege kama ya mtoto aliyelelewa bila jua. Nikamwita Zbyněk, jirani wa ghorofa ya tatu, mwenye mijusi kumi na saba na mke mmoja mvumilivu. Akaja na kipimo chake, kidogo kama rimoti ya televisheni, akakiweka pale kinyonga anapokaa.

“Olda,” akaniita, “sufuri nukta tatu. Hapa panatakiwa pasome tatu.”

“Lakini si inawaka!”

“Inawaka, ndiyo. Hata taa ya friji inawaka. Mpeleke basi humo akaote jua na soseji.” Akatikisa kichwa. “Mionzi anayoitaka huyu haionekani kwa macho, mzee. Inakufa yenyewe kwanza, weupe unabaki. Bila hiyo hata umlishe kalsiamu kwa sepetu, haifiki mfupani. Hii uliyonayo hapa ni taa ya kusomea gazeti.” Halafu akainama akasoma ile tarehe. “Mwezi wa tano, mwaka huu? Miezi mitano tu? Haiwezekani!”

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu, Bi Květa, mlango ulikuwa wazi kabisa, na mdomo wangu ukasema, “Labda Vendula aliuziwa mbovu.”

Zbyněk ni mtu mwema kupita kiasi. Akampigia Vendula pale pale, akaweka sauti ya juu nisikie na mimi, akamwambia tyubu ilikuwa mbovu. “Ni mimi,” mwanangu akasema. “Ni mimi, Zbyněk. Niliinunua mbio mbio baada ya zamu, sikuipima. Nimemvunja mifupa kwa mikono yangu, tena kwa posta.” Na mimi nimesimama hatua moja kutoka kwenye simu, nimeshika kopo la nyenje.

Tangu hapo asubuhi na jioni ananipigia analia, ananiomba msamaha mimi, eti kanipa mzigo kisha kaniharibia. Anakuja Ijumaa kwa ajili ya Siku ya Marehemu, twende kaburini kwa mama yake, na analeta tyubu nyingine. Ile nzima bado iko chini, kwa sababu nikiifunga, Zbyněk akija na kipimo chake atauliza imetoka wapi, kwa hiyo mnyama yuko chini ya taa ya gazeti hata sasa ninapoandika. Naomba uniambie: nimwambie, nivunje na hicho kidogo kilichobaki kati yetu, au niache tu ifike Ijumaa, taa ije, Bonifác apone, na kosa liwe la kiwanda kisichojulikana? Hivyo sitamwumiza mtu.

Wako katika mashaka,
Fundi wa reli

*

Fundi,

Barua yako imenifikia leo Jumatano asubuhi, na nimeiweka mbele ya wenye talaka na wenye ugomvi wa ua wa bustani. Wao wanaweza kusubiri. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Sasa chukua redio yako ya mkononi, chukua na funguo za stoo, uanze kushuka. Nitakugombeza ukiwa njiani.

Unasema hutamwumiza mtu. Kinyonga amepinda mikono. Mwanao, ambaye kazi yake ni kuuguza watu, anaingia zamu akiamini kwamba yeye ndiye aliyemvunja mnyama aliyemfariji alipofiwa. Wewe unajua sivyo, na siku ya tatu hii unapokea msamaha anaokuomba! Nimesoma barua nyingi za waongo katika kiti hiki, fundi, ila wengi huomba msamaha wao.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Mwanamume anayepita kando ya matango ya mkewe miaka minne bila kufungua chupa, huyo si mtu asiye na moyo. Lakini usinililie na karakana. Miaka arobaini na moja ulishughulika na kitu kisichoonekana kinachoua. Uliwahi kushika waya kwa sababu huoni moto juu yake? Ulikuwa na tesita mfukoni, ukapima kwanza, ndiyo maana uko hai. Kwa ngozi yako ulipima. Kwa mifupa ya Bonifác ukatumia macho. Na aliyejua zaidi alikuandikia kwa herufi kubwa kwenye friji, ila alikuwa binti yako, basi hukumsikia.

Bila shaka umefika. Itoe hapo rafuni.

Nimempigia daktari wa wanyama watambaao kabla ya kipindi, na haya ni maneno yake. Funga taa hiyo leo, si Ijumaa. Iwe kiasi cha shibiri moja na nusu juu ya tawi anapokaa, na pasiwe na kioo wala plastiki katikati, maana mionzi haipenyi. Tandika taulo nene chini ya matawi asije akavunjika zaidi akianguka. Usimvute kwa mikono. Mwache apande mwenyewe kiganjani. Usimwongezee kalsiamu kwa kukisia. Leo hii mpeleke kwa daktari anayewajua wanyama hao, naye atapima na kuamua dozi. Miezi iliyokaa rafuni haihesabiki, kwa hiyo andika tarehe ya leo, ya kweli, kwa mwandiko wako mwenyewe. Leo, na kisha kila mwezi, mwombe Zbyněk kipimo. Siku kikisoma nusu ya leo, taa inatoka, hata ikiwa inawaka kama mchana. Na huyo Zbyněk akiuliza imetoka wapi, mwambie imetoka kwenye stoo yako.

Kuhusu kupona, sikufichi. Daktari anasema akiwahi ataishi, na mifupa itakuwa migumu tena. Ila iliyopinda haitanyooka. Utamwona akitembea na matege yake kila siku, na ni haki yako kumwona.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na chako hakipo mbali: kipindi hiki kinarudiwa saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wamerudi kazini, na hakuna kuficha majina kunakoweza kumficha fundi wa reli, kinyonga na muuguzi wa Linz. Una muda wa saa tano tu mpaka hapo. Huenda akikata simu hatarudi kupiga. Huenda Ijumaa akaenda kaburini peke yake na kurudi Linz bila kupanda ngazi zako. Mpigie hivyo hivyo. Safari ya sungura ukweli alipewa na mama yake, na mama yake hayupo tena wa kukusemea.

Usianze na pole. Usianze na macho, wala umri, wala misumari ya kunyoosha. Kabla hajakuuliza hali ya mnyama, kabla hajaanza tena kukuomba radhi, mwambie hivi: “Vendula, taa uliyonitumia ilikuwa nzima.”