Mtu wa Mongbwalu

Mahagi, 6/3/2016

Kwa Osée, shemeji yangu,

Amani iwe kwako na kwa wote wa nyumbani Bunia. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi cha vumbi la chaki, na dawa yake kwa mwalimu wa hesabu ni likizo tu. Mama Brigitte anaendeleaje na mgongo? Habari za dada yako Prudence sikuulizi, maana ninazo kuliko weye.

Naandika kwa karatasi kwa sababu mega zetu zote za intaneti tunazila kwenye meza ya poka ya simu, na ninayotaka kusema hayaingii kwenye ujumbe wa simu. Katsuva, dereva wenu, atakuletea barua hii na lori lenu.

Jumamosi nilikaa mezani bila kucheza, nikikuangalia weye tu. Ulikuwa na as mbili, karata kubwa kuliko zote. Katikati kulikuwa na senti mia, na weye ukaweka kumi, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka nje! Yule mpinzani alikuwa anangojea kopa moja tu. Kwa senti kumi, nani asingeingojea? Ikaja, akala zote. Mchezo uliofuata hukuwa na kitu, na hapo ukasukuma pesa zako zote mara moja. Akakufuata, karata zikafunuliwa, aibu. Osée, nakusoma kama ubao. Ukiwa na kitu unanong'ona. Ukiwa mtupu unapiga kelele.

Shika jambo hili moja. Kabla ya kuweka hata senti, jiulize: nataka huyu abaki au aende? Ukubwa wa dau unatoka hapo. Mengine ni hesabu, na hesabu nitakufundisha.

Sasa la maana. Baba mkubwa Gustave amekubali. Mwezi wa tano atashuka na wazee kuzungumza mahari ya Prudence. Kwako sifichi kitu: tunao ng'ombe nane. Wa tisa hayupo, hata nikiuza moto, pikipiki yangu. Nimekuambia weye kwa sababu ni weye.

Shemeji yako, ng'ombe wakikubali,
Fiacre


Bunia, 20/3/2016

Kwa shemeji Fiacre,

Nakusalimia kwa furaha. Sisi wote ni wazima. Mgongo wa mama unamruhusu kwenda kanisani, ila haumruhusu kufua, na Prudence anasema ni mgongo wenye akili sana. Barabara yenu inapitika? Katsuva anasema watu wamerudi kulima karibu na njia, lakini yeye bado hapendi kusimama hata kwa kununua ndizi.

Nimefuata somo lako. Alhamisi saa za kazi nilicheza kwa simu chini ya meza ya biro, pale ofisini, nikiandika orodha ya mizigo kwa mkono mwingine ili shefu, mkubwa wetu wa kazi, asinione nimekaa bure. Sikuwa na kitu kabisa. Nikajiuliza: abaki au aende? Aende. Basi niliweka theluthi mbili ya pesa za katikati, sawa na ninavyoweka nikiwa na karata nzuri, maana uliniambia kwenye simu kwamba dau la namna hiyo likifaulu mara mbili kwa tano halina hasara. Yule mtu aliwaza mpaka saa ya mchezo ikaanza kumhesabia. Halafu akatupa karata zake.

Fiacre, niliweka kalamu chini. Tangu nizaliwe naogopa watu: shefu, askari wa kizuizi, hata mwenye kuuza mkate akisema hana chenji. Siku ile mtu fulani, mahali fulani, aliniogopa mimi. Sikuweza kumaliza orodha.

Kwetu kuna jambo pia. Familia ya Claire, mchumba wangu, imetaja hesabu yake: ng'ombe kumi. Unajua zizi la marehemu baba tangu vita limebaki nyasi. Baba mudogo Théodore anasema ng'ombe wa Prudence ndio watakaoniolea mimi, kama ilivyo desturi. Kwa hiyo nane wako nimewahesabu mara nyingi. Sijamwambia mtu.

Shemeji yako,
Osée


Bunia, 29/5/2016

Kwa ndugu yangu Fiacre,

Salamu nyingi. Natumaini mlifika salama na mzee Gustave hakuumizwa na safari. Sisi tuko, kwa neema ya Mungu.

Tangu siku ile ya wazee nimekupigia simu, haiingii. Nimekuandikia ujumbe, hausomwi. Kwenye meza yetu ya poka jina lako halionekani tena. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi.

Nasikitika sana kwa yaliyotokea. Hata mimi yalinishangaza. Baba mudogo Théodore ndiye msemaji wa familia, na hesabu ile ya ng'ombe, kumi na mbili, aliitaja yeye. Habari ya yule mchuuzi wa dhahabu wa Mongbwalu anayemposa Prudence nayo ilitoka kinywani mwake. Mimi wakati ule nilikuwa jikoni natafuta glasi. Wazee wana mambo yao, unawajua. Naomba tusiharibu urafiki wetu kwa maneno ya watu wakubwa.

Prudence anakusalimia.

Ndugu yako,
Osée


Mahagi, 12/6/2016

Osée,

Ni wazima huku.

Prudence hakunisalimia kupitia kwako. Aliniandikia mwenyewe, na katika barua yake jina lako halimo.

Unasema ulikuwa jikoni. Ulikuwa umesimama karibu na mlango, glasi mbili mkononi, na Théodore aliposema kumi na mbili uliangalia miguu yako. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma. Nimecheza nawe mwaka na nusu. Dau lile nalijua. Ni lako. Ni lile unaloweka ukiwa mtupu.

Utauliza kwa nini sikulifuata. Kwa sababu kwenye meza ile bwana harusi hana mdomo. Anayezungumza ni baba mkubwa Gustave, na yeye hajui poka. Alisikia kwamba kuna mtu mwingine aliyetangulia kutuma watu. Aliweka chini Fanta yake, hata hakuifungua, akasema: «Kama iko mutu wa dhahabu, siye hatugombanie mutoto na yeye. Tunashukuru kwa viti.» Akasimama, na wote wakasimama. Nilitoka nyuma yao kama mbuzi wa mwisho.

Nilikuambia nane. Nilikufunulia karata zangu kwa sababu sikufikiri kwamba tunacheza.

Nina swali moja tu. Huyo mtu wa Mongbwalu, anaitwa nani?

Fiacre


Bunia, 3/7/2016

Kwa Fiacre,

Nakusalimia, ingawa najua sistahili kuulizia afya yako. Uliuliza jina lake. Hana jina. Nilimtengeneza mimi.

Nitakuandikia kama ilivyokuwa. Wazee wenu walipokwisha kukaa chini ya bashi, lile turubai la uani, baba mudogo aliniita nyuma ya jiko. Akasema: «Osée, weye iko musomi, na huyu kijana ni rafiki yako. Iko na ngapi?»

Swali lilikuwa jepesi. Sikulijibu. Nilisema: «Anza na kumi na mbili.»

«Kumi na mbili! Watakubali?»

«Sema iko mutu mwingine, muchuuzi wa dhahabu wa Mongbwalu, ametuma watu.»

«Nani huyo?»

«Ni ya kusema tu, baba mudogo.»

Aliniangalia, halafu akacheka, akanipiga begani. «Kweli masomo iko na faida!» Na mimi, Fiacre, nilifurahi. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, kwamba nilifurahi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: wangeogopa kumkosa, wangeshuka taratibu kutoka kumi na mbili, wangefika kumi. Kumi wa Claire. Nilijua una nane, lakini nilijiambia kwamba shida itakufundisha kupata wawili wengine. Sikujiuliza lile swali lako la kwanza. Kwenye simu mtu akitupa karata, umeshinda. Nilizoea hivyo. Nilisahau kwamba siku ile tulitaka mbaki.

Sasa sikia nyumbani. Prudence ananiwekea chakula mezani na kutoka. Kisimani wanawake wanamwita Madamu Dhahabu. Wanamuuliza bwana wake atashuka lini kutoka machimboni. Jumapili iliyopita alisimama mbele yangu, mama akisikia, akasema: «Yaya, kaka yangu mukubwa, huyo mutu wa Mongbwalu unionyeshe basi. Nimuone, maana iko ananioa.» Mama hakuelewa. Akaniuliza: «Ni nani huyo, Osée?» Nikasema nimechelewa biro. Ilikuwa Jumapili.

Na tena nilikuandikia barua ya glasi, nikamtupia baba mudogo kosa langu. Hata glasi zenyewe nilizichukua ili niwe na sababu ya kusimama mlangoni.

Mchezo nimeufuta kwenye simu. Najua hilo halikusaidii kitu. Niambie la kufanya.

Osée


Mahagi, 10/7/2016

Osée,

Katsuva anaondoka sasa hivi, naandika haraka.

Kwenye poka, mpinzani akitupa karata, hulazimishwi kumwonyesha zako. Unakusanya pesa, unanyamaza. Kwa wazee wetu si hivyo. Nimemsomea baba mkubwa barua yako, isipokuwa mambo ya poka. Kisha akasema mzee aliyesimamishwa na uongo harudi kukaa mpaka yule aliyemsimamisha amfuate kwake na kusema mbele ya wale wale. Si Théodore. Yeye alisema tu alichopewa. Ni weye.

Ujue pia kwamba mwisho wa mwezi huu wanataka kwenda Aru kuniangalizia msichana mwingine. Nimekataa mara mbili. Mara ya tatu sitakuwa na neno, maana kwa macho yao Prudence ana mtu.

Najua unaogopa. Njoo ukiogopa hivyo hivyo.

Fiacre


Mahagi, 1/8/2016

Osée,

Natumaini ulifika Bunia salama, na shefu wako hakukukata siku mbili za mshahara. Mama yangu anauliza kwa nini uliondoka bila kula. Nilimwambia lori lilikuwa linangoja. Katsuva alikuwa amelala chini ya lori lake, lakini sawa.

Kuna mambo hukuyaona kwa sababu ulitoka mbio, basi nakueleza.

Ulipokataa kiti, wazee hawakupenda. Walidhani ni kiburi. Ulipoanza kusema, sauti ilikuwa ndogo mpaka mzee Mathieu, mwenye sikio moja bovu, akageuza kichwa chake chote. Umetaja nane, umetaja kumi na mbili, umetaja na Claire. Hukumtaja baba mudogo wako hata mara moja. Nilihesabu.

Kisha baba mkubwa akakuuliza: «Na ule mutu wa Mongbwalu?»

Weye ukasema: «Hakuna, muzee. Ni mimi.»

Hapo ulikuwa na Fanta aliyokupa mama, ukaiinamisha bila kujua mpaka ikakumwagikia suruali, ukaomba ruhusa ukatoka. Halafu baba mkubwa akaanza kucheka, taratibu, mpaka akafuta macho. Akasema: «Huyu ndiye alitufukuza? Huyu?» Na wote wakacheka. Samahani, hata mimi.

Alipomaliza alisema Aru hawaendi tena. Watashuka Bunia mwezi wa tisa. Lakini ng'ombe watakuwa saba. Wa nane, anasema, ni faini yenu kwa kule kusimamishwa kwa uongo. Aliyetudanganya asipate faida, na msichana asipate hasara, ndivyo alivyoamua. Mwambie Théodore asibishane.

Saba hawawezi kukuolea Claire. Najua. Nilitaka kukutetea nikanyamaza, na safari hii haikuwa kwa sababu bwana harusi hana mdomo.

Mwambie Prudence mwenyewe, kwa kinywa chako, kisimani, wale wanawake wakiwepo, kwamba mtu wa Mongbwalu hayupo. Hilo sikutumwa na mzee, nakuomba mimi.

Umeniuliza mlangoni kama siku moja tutarudi kwenye meza yetu. Sikukujibu kwa sababu sikujua. Bado sijui.

Shemeji yako. Urafiki, bado.
Fiacre