Mashine Ilimlilia Rasto Usoni

Caro, sitakula leo. Roho imenichafuka kabisa.

Si Syprose aliangusha pete ya ndoa kwenye ile njia ya mashimo ya zamani ya dhahabu? Leo kamwita Rasto, yule mwenye mashine ya kutafutia dhahabu.

Mashine ikalia. Rasto akachimba, akakohoa, akatuonyesha kifuniko cha soda. "Takataka tu, mama," anaongea kama mtu mwenye peremende mdomoni.

Akainama kuokota kofia yake iliyoanguka, mashine ikamlilia usoni. USONI, Caro!

Syprose: "Fungua mdomo."

Aki pete ilikuwa chini ya ulimi! Akaitema, akaipangusa kwapani, eti, "Mungu ni mwema, imepatikana."

Syprose ameiosha na Jik ya kuua viini mara tatu. Iko kwenye sahani, hataki kuivaa. Mumewe amerudi, anamuuliza kwani amechoka na ndoa.