Orodha ya Zohali kwenye Ukuta wa Deka

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo nimekuwa jaji. Mimi Kadar! Mtu wa darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza.

Deka, binti wa rafiki yangu Hirsi, ana chumba cha gemu nyuma ya soko la mifugo hapa Garissa. Skrini moja kubwa, viti sita, feni inayozunguka ikijisikia. Gemu zake zote zimetoka kwenye zile filamu za "Wakimbizi wa Zohali" — watu wamekimbia sayari yao iliyokauka, wamejazana kwenye chombo kimoja huko angani, wanatafuta maji. Hadithi yetu kabisa, ila wao hawana mbuzi. Gemu ziko tano. Vijana wanagombana kila siku ipi ni bora na ipi ni takataka. Jana wamevunja kiti.

Basi Deka kaamua. Orodha itaandikwa ukutani kwa rangi, ya kwanza mpaka ya tano, iwe mwisho wa maneno. Fundi wa rangi anakuja tarehe kumi na tano. Waamuzi ni babake na mimi, eti kwa sababu wazee hatuna upande. Maskini mtoto! Mimi na Hirsi tumekuwa madalali wa ngamia miaka arobaini na hatujawahi kukubaliana hata umri wa mbuzi.

Nina jambo lingine pembeni. Nitaliandika nikipata ujasiri.

Jumatano, 3 Septemba

Siku ya soko. Vumbi mpaka kwenye meno. Hirsi siku hizi ana mtindo mpya: ngamia akiletwa hamtazami mdomoni, anaingiza kidole na kupapasa jino moja moja. Nikamwambia iko siku atarudi nyumbani na vidole vinne. Akasema dalali wa kweli hahitaji kuchungulia. Maringo tu.

Saa nane tukaingia kwa Deka. Ngazi zake ni tatu na ile ya katikati imevunjika tangu mvua za mwaka juzi. Kila mtu anailaani, hakuna anayeitengeneza.

Gemu ya kwanza: unakaa kwenye chombo, unapiga risasi, chombo kingine kinalipuka, unapiga tena. Nikauliza maji wanatafuta saa ngapi. Nikaambiwa ninyamaze. Gemu ya pili: mbio za kuzunguka zile pete za Zohali. Nilipata kizunguzungu kama kondoo aliyepakiwa lori la Nairobi, nikashikilia kiti cha Deka kwa mikono miwili. Pedi, kile kidude cha kuchezea, nikaiangusha.

Kura tulipiga kisoko. Mikono yetu miwili chini ya shali langu, vidole vinaongea, watazamaji wanaona kitambaa tu. Ndivyo tunavyouza ngamia: bei inajulikana na wawili, na umati unabaki kukodoa macho. Vijana walikasirika sana. Nilifurahi.

Samsam, dada yake Hirsi, alikuja na chupa ya chai kumchukua kaka yake. Humleta na humchukua kila siku. Sasa nijiulize — mwanamume wa miaka sabini aletwe na dada yake kama mtoto wa nasari, kwa nini? Mimi najua. Anakuja kuniona mimi.

Alhamisi, 4 Septemba

Haya, ujasiri umepatikana.

Samsam ni mjane, mwaka wa sita huu. Anakaa kwa Hirsi, ndiye anaendesha ile nyumba. Mimi nami mke wangu alishatangulia, Mungu amrehemu, na nyumba yangu inanuka mzee. Mwezi uliopita nilimwambia Samsam nia yangu. Akasema hana pingamizi, ila nipunguze kusema. Nimepunguza. Ndiyo maana naandika.

Lakini baba yao hayupo, kwa hiyo walii wake, yaani wa kumwozesha, ni Hirsi. Bila neno la Hirsi hakuna nikahi. Na Hirsi hasemi ndiyo, hasemi hapana. Nikimgusia anakohoa. Anauliza habari za mvua. Leo nikambana mlangoni, nikamwuliza kama mwanamume. Akatazama pembeni, si hata usoni mwangu, akanijibu:

"Kadar, kwanza tukubaliane namba moja. Watu wawili wakishindwa na gemu, nikahi wataiweza?"

Kwa hiyo ndoa yangu iko ukutani kwa Deka, inangoja rangi. Nani ameona mambo haya!

Jumamosi, 6 Septemba

Gemu ya tatu. Ah.

Unashuka kwenye mwezi mmoja wa Zohali, jangwa tupu, mchanga wa kijivu. Unapewa mnyama wa kubeba mizigo. Ana miguu sita na shingo ya ngamia, na uso kama wa mkaguzi wa ushuru. Kazi yako ni kufika kwenye chombo kabla saa haijaisha, umfungulie mlango nahodha, watu elfu tatu waokoke. Saa inahesabu pale juu kwenye skrini.

Mimi nikamtazama yule mnyama nikaona mbavu. Huyu hajanywa siku nne! Nikamgeuza. Deka akaniita adeer, yaani ami, akasema chombo kiko upande ule. Nikamwambia najua kiko wapi, kisima kiko wapi? Nikatafuta kisima. Nilimfuata mnyama kwa nyuma, pole pole, kama nilivyofuata ngamia wa baba kule Kotile nikiwa na miaka tisa, na juu yetu ile nyota ya jioni, ile tunayoiangalia wakati wa kufunga vitoto vya mbuzi. Kisima kikapatikana. Akanywa. Alikunywa vizuri, kwa kupumzika, kichwa juu, kichwa chini. Aliyetengeneza gemu hii amechunga, haki ya Mungu.

Chombo kikaondoka. Watu elfu tatu wakafa. Mnyama akanywa.

Vijana walicheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa. Hirsi alisema nimeangamiza taifa kwa ajili ya ngamia. Nikamjibu taifa litazaana, ngamia yuko wapi mwingine?

Halafu Samsam, ambaye alikuwa amesimama na chupa yake ya chai, akaomba pedi. Hakuwahi kuishika maishani. Akauliza kitufe cha kutembea ni kipi na cha kusimama ni kipi, basi. Alimnywesha mnyama kwanza. Kisha akapita njia ya bonde, kwa sababu mnyama aliyekunywa anakwenda mbio kuliko mwenye kiu. Akafika na dakika mbili zimebaki. Watu elfu tatu, salama. Akarudisha pedi, akamimina chai.

 Mimi nilikuwa nimekwisha.

Namba moja ni gemu ya tatu. Sitaki kusikia mengine.

Jumanne, 9 Septemba

Hirsi ataka namba moja iwe gemu ya nne!

Gemu ya nne ni hii: taa za chombo zimezimika na majini fulani ya angani yameingia ndani. Unatembea gizani na bunduki. Skrini nyeusi kama sufuria ya harusi. Mimi sikuona kitu. Nilijipiga mwenyewe mara mbili, sijui hata nilifanyaje.

Hirsi ni mfalme humo. Ukweli lazima niuandike, hapa hakuna anayenisikia. Jini likikwaruza upande wa kushoto, yeye ameshageuka kabla halijatokea. Yuko wima kwenye kiti, macho yamefumba nusu, shingo imeinama kidogo, na vidole vinakwenda. Vijana wanamshangilia kwa jina. Alitoka amenenepa.

Kuhusu gemu ya tano tulielewana mara moja: unajenga vijumba vya rangi na kuimba. Ya mwisho. Vidole vitano chini ya shali, mara moja, kama watu wenye akili. Gemu ya pili tukaipa nafasi ya nne, gemu ya kwanza nafasi ya tatu. Zimebaki gemu ya tatu na ya nne, na nafasi mbili za juu.

Nilipiga hesabu nikiwa natembea nyumbani. Nikimpa Hirsi namba moja, anafurahi, ananipa neno, nikahi Ijumaa. Uongo wa kidole kimoja tu! Nimewahi kusema uongo mkubwa zaidi kuhusu mbuzi mdogo zaidi. Nikampigia Samsam simu kumweleza ujanja wangu, nikitegemea atacheka.

Hakucheka. Alisema hivi, na naandika kama alivyosema:

"Ukimdanganya yeye leo ili unipate mimi, kesho utanidanganya mimi ili upate nini?"

Akakata. Basi nikisema kweli nampoteza kwa Hirsi, nikisema uongo nampoteza kwake mwenyewe. Ngamia ni rahisi.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala nikamvizia Maalim wa msikiti wetu. Nikamweleza yote, pamoja na majini. Alijifunika mdomo kwa kanzu, mabega yanatikisika, mtu wa dini. Alipopata pumzi alisema walii hawezi kuzuia ndoa bila sababu, na gemu ya runinga si sababu, na nikitaka atazungumza naye. Nikasema ndiyo, tena leo. Kisha akaniuliza kama nimewahi kumwuliza Hirsi sababu ya kweli.

Nikamwambia sababu naijua: wivu. Amezoea kupikiwa.

Maalim akavaa viatu vyake, akasema nimwulize.

Jumamosi, 13 Septemba

Sijui niandike vipi.

Tulikuwa tunarudia gemu ya nne, Hirsi ameomba, ili anionyeshe tena ubora wake. Katikati, spika ya Deka ikapiga puu ikafa. Picha ipo, sauti hakuna. Deka akasema endelea tu, baba, naleta waya.

Hirsi akaendelea. Akatembea mpaka ukutani. Akasukuma ukuta. Jini likaja mbele yake, kubwa, na safari hii taa nyekundu inaliwakia, hata mimi nililiona — hakugeuka. Likamla. Akaanza tena, akarudi ukuta ule ule. Mara tatu. Vijana wakaanza kucheka, nami nikawazidi. Nikamwambia mfalme amepinduliwa! Nikamwambia hata mnyama wangu angeona ule ukuta!

Akasema pedi imeharibika. Akainyoosha kunipa mimi. Aliinyoosha upande ambao sikuwapo.

Kicheko kikanikauka. Nikamtazama vizuri, kama ninavyotazama mnyama kabla ya kumnunua, jambo ambalo kwa Hirsi sijafanya miaka mingi. Macho yote mawili yana utando, la kulia zaidi. Kidole kwenye meno ya ngamia. Uso unaotazama pembeni. Zile ngazi, asizopanda bila mkono wa mtu. Na Samsam akimleta, akimchukua, kila siku, na mimi mjinga nikijipaka mafuta ya ndevu nikidhani ni kwa ajili yangu.

Nikaichukua pedi. Nikasema kweli imeharibika, kitufe kimelegea. Nikawafokea vijana kwa kuwacheka wazee.

Huu nao ulikuwa uongo. Samsam aliusikia, alikuwa mlangoni. Akanimiminia chai.

Jumatatu, 15 Septemba

Naandikia hapa hapa kwa Deka, kwenye kiti cha pembeni, daftari juu ya goti. Kuna mambo sitaki yapoe.

Fundi wa rangi amekuja mapema. Nafasi ya tatu, ya nne na ya tano ameshaziandika ukutani, nzuri, kwa buluu. Juu kuna nafasi mbili tupu. Amekaa chini ya hizo nafasi anakunywa chai ya tatu.

Hirsi aliletwa na Samsam kama kawaida. Nikaweka shali. Mkono wake ukaja, ukapita hewani, ukagonga kiwiko changu, nikauchukua nikauingiza chini ya kitambaa kabla mtu hajaona. Nikampa vidole viwili. Yaani gemu yako, ndugu yangu, ni namba mbili. Ya tatu ndiyo ya kwanza. Ndiyo kweli yangu, na Samsam alikuwa ananitazama.

Hakunijibu kwa vidole. Alivishika tu vyangu viwili.

Nikamsogelea sikioni. Nilimwambia nimejua. Akauliza nani kanipasha. Nikasema spika. Nikamwambia Nairobi kuna madaktari wa macho, na nitakwenda naye mimi, nimgombeze njia nzima. Nikamwambia kama anaogopa Samsam akiondoka atabaki na nani, basi Samsam haendi peke yake: kwangu kuna vyumba vitatu, mbuzi wananitosha kwa kelele lakini hawajui kubishana. Nikamaliza maneno, mimi, mara ya kwanza tangu uhuru.

  Shali likawa linatoa joto. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kawaida, chumba kizima kikasikia:

"Gemu ya nne ni ya kwanza. Hilo sikuachii."

Maalim alikuwa anapita akielekea msikitini. Hirsi akamwita, akamshika bega, wakatoka pamoja. Mlangoni alisema jibu la lile lingine atalitoa akitoka kuswali alasiri. Mimi nimeswali hapa hapa, kwa haraka, Mungu anisamehe.

Tangu hapo: fundi amemaliza chai. Deka anafunga spika mpya. Samsam yuko na pedi, anamnywesha mnyama, hanitazami. Nimemwuliza anadhani jibu litakuwa nini. Ameniambia nipunguze kusema.

Watu wanatoka msikitini. Namwona Hirsi. Maalim amemfikisha mpaka hapo nje akaenda zake. Amesimama chini ya ngazi, peke yake, mguu mmoja unapapasa ile ya kwanza. Ya katikati anaijua kuwa imevunjika. Anangoja mkono.

Samsam ameinuka.

Sasa ameketi tena, ameshika mdomo. Kwa sababu Hirsi anaita, na anayemwita ni mimi. Ananiita shemeji.