Mashine Ambayo Haijajengwa

Kalemie, tarehe 9 Juni 1986

Mudogo wangu Pontien,

Bwana Yesu akulinde huko Ulaya. Hapa dagaa wamerudi, na mudogo wetu Viviane amezaa mutoto mwanamuke.

Mama, mbele ya kufa, aliniuliza, "Ile mashine ya Pontien, ya kugonganisha viini vya atomu waone ndani muna nini, imekwisha kujengwa?"

"Bado, mama. Wangali wanaipanga kwenye karatasi."

"Basi atakuja. Karatasi haiwezi kumufunga muntu."

Alipokufa, tulikupigia telegramu, tukamulaza siku tatu juu ya barafu ya wavuvi, tukikungojea. Ndipo telegramu yako ikafika: mukutano wa kupanga mashine hauwezi kuendelea bila wewe. Nikaikunja, nikaificha ndani ya Biblia. Siku ya maziko, Mujomba Urbain alipouliza mbele ya watu wote, "Mutoto wake wa kiume yuko wapi?" nilijibu, "Ni mugonjwa, yuko hospitali." Wakakuombea, Pontien. Walipiga magoti kwenye udongo wa kaburi, wakakuombea upone.

Dhambi hiyo nimeiungama kwa padri. Ameniambia nisiirudie. Jumamosi tunamaliza matanga. Mujomba ataniuliza tena habari yako, na mimi nitasema kweli mbele ya wale waliokuombea.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mugongoni,
Emilie