Gauni la Yustina na jicho langu la kushoto

Jumamosi jioni, Ihumwa. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye chai, lakini leo sijalalamika. Mdogo wangu Yustina ameolewa, na gauni nimelishona mimi.

Mwanzoni mwa mwaka sikudhani ningeshona tena. Kivuli kilishuka kwenye jicho langu la kushoto kama pazia. Hospitalini wakasema retina, ile ngozi laini ya nyuma ya jicho, imebanduka. Wakanifanyia upasuaji, wakatia gesi ya kuikandamiza, nami nikalala kifudifudi mpaka shingo ikakakamaa.

Jicho likafunguka. Nilimwona mama, nikalia.

Kisha nikakaa kwenye cherehani. Mshono ulionyooka ulikuwa na mawimbi, mlango nao umepinda kiunoni. Nikarudi kwa daktari na hofu yangu.

"Retina imeshika vizuri," alisema, "ila imeshika ikiwa imesogea kidogo. Utazoea taratibu. Huenda mistari isinyooke yote."

Kwa fundi cherehani, hilo si dogo. Nikamwambia Yustina atafute fundi mwingine. Alinijibu huku akichambua mlenda, hata hakuinua kichwa: "Dada, nitavaa utakachoshona wewe. Kikipinda, tutapinda nacho."

Basi nikashona. Jicho likidai kuwa mshono umepinda, niliamini tepu ya kupimia. Siku nyingine nilishindwa kuiamini, nikafumua mshono uliokuwa sawa kabisa.

Leo alipoingia kanisani kwa vigelegele, nilifumba jicho la kulia nikamtazama kwa la kushoto peke yake. Bwana harusi alikuwa ameinama kama mtama uliopigwa na upepo. Nilicheka mpaka mama akanifinya.

Lakini uso wa Yustina niliuona. Kwa jicho hilohilo.

Wakati wa chakula, shangazi wa bwana harusi, mama mmoja wa Kongwa asiyejua habari zangu, alishika gauni la Yustina, akageuza pindo lake, akakagua mishono kwa ndani. Niliacha kula pilau, nikamtazama.

"Kashona nani?" akauliza. Yustina akaninyooshea kidole.

"Binti yangu anaolewa baada ya mavuno," shangazi akaniambia. "Utamshonea?"

Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.

Sasa nimetia dawa ya jicho, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto. Sijui kama mistari itanyooka yote. Kesho nalala mpaka nichoke kulala, Jumatatu natafuta kitambaa.